Salamu Chini ya Maji, Parklands

Waheshimiwa marafiki, leo nimesalimiana na watu chini ya maji.

Tulikuwa bwawani Parklands, kwenye mtihani wa kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa. Atakayeibuka kabla ya ishara ya mwalimu haendi safari ya kupiga mbizi kisiwani Wasini.

Nilipofika chini, hofu ilinishika. Nikaazimia kuibuka.

Ndipo Mama Njeri, mwanafunzi mwenzangu, akaninyooshea mkono.

Ningemkataaje? Nikaupokea. Na kwa kuwa si adabu kumsalimia mmoja na kuwaruka wengine, nikazunguka mstari mzima wa wanafunzi nikiwapa mkono, kama tufanyavyo tukitoka kanisani. Ishara ilinikuta nikimpa mwalimu mkono!

Tulipoibuka, Mama Njeri alicheka: “Salamu gani? Mimi nilikuwa natafuta mtu wa kushika, naogopa!”

Mwalimu akasema: “Mzee, umepita. Lakini huko Wasini usianze kusalimia samaki, hatutatoka!”

Nimemjibu kwamba, kwa heshima zote, siwezi kutoa ahadi hiyo.