Mstari wa Pili wa Karatasi ya Arap Mosonik

Miaka yote Celine alimzuia mwanawe asikaribie moto. Kimutai alikuwa amefikisha miaka ishirini na minne na hajawahi kuwasha jiko. Akienda kuchuma chai upande wa mtoni, mama yake alitafuta kisingizio cha kupita huko. Majirani walisema mwalimu huyu mjane anamdekeza kijana. Hawakujua kwamba alikuwa akingoja aanguke.

Kimutai alipozaliwa, mwaka wa 1971, akina mama walimzunguka wakitaja wafu wa ukoo mmoja mmoja, kama ilivyo desturi ya Wakipsigis. Mtoto akapiga chafya lilipotajwa jina la arap Mosonik, kaka wa babu yake. Ikajulikana ni roho ya nani imerudi ndani yake. Wengine walipiga vigelegele. Celine alimvuta mtoto kifuani. Arap Mosonik alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza, vitani kule Burma, na huko alianguka akitokwa na povu. Mwenzake aliyemwona ndiye aliyetangulia nyumbani na habari. Mzee aliporudi alikuta kiti chake kimewekwa kando ya mlango, mbali na meko, asije akaungua. Hapo ndipo alipokaa mpaka kufa kwake.

Sasa Kimutai alitaka kumwoa Chepkurui wa Merigi. Walipokwenda kuposa, baba wa msichana, Kiptanui, aliuliza, "Kijana wenu alirudi na jina la nani?" Kipngeno, shemeji yake Celine, alipolitaja, Kiptanui aliweka kikombe chini.

"Yule askari wa kuanguka? Mnataka binti yangu aolewe na mtu wa kushikwa mkono akivuka mto?" Akasema watakuja wenyewe Jumamosi kuona boma, na waambiwe ukweli.

Wiki hiyo Celine hakulala vizuri. Alifungua sanduku la bati la marehemu mumewe akatoa karatasi ya matibabu ya mzee jeshini. Aliijua. Zamani katekista mmoja aliwasomea neno moja tu alilolifahamu: *Epil.*, yaani kifafa. Mengine yalikuwa herufi tupu: *N.Y.D.*, na chini yake *B.S. – M.T.* Cheti chake cha ualimu hakikumsaidia. M.T. aliisoma moyoni kuwa *mental*, wazimu.

"M.T. ni malori ya jeshi," Kipngeno alisema kwa uhakika. "Mzee aliendesha lori."

"Shemeji, mzee hakuwahi kuendesha hata baiskeli."

Celine akaipeleka Litein kwa Priscillah Wachira, muuguzi mstaafu mwenye duka la dawa, aliyefunzwa kazi na masista wa Kizungu waliotoka vitani. Priscillah alivaa miwani, akaguna.

"Mwalimu, kaa kwanza."

"Niambie tu, Sista. Ni kifafa?"

"Hapa mbele ya *Epil.* kuna alama gani?"

"Ya kuuliza."

"Basi daktari alikuwa akiuliza. N.Y.D. ni kusema ugonjwa bado haujajulikana. Halafu akafanya nini? B.S., akapima damu. M.T. ni malaria, ile mbaya inayopanda kichwani na kuleta degedege. Mstari wa pili alijijibu mwenyewe. Nyinyi mliishia wa kwanza." Akashusha kidole. "Na hapa, A1. Mzima kabisa, arudishiwe bunduki. Mtu wa kifafa wangempa bunduki?"

"Unaweza kuniapia?"

"Siapi kwa karatasi ya mtu ambaye sikumtibu. Alianguka tena nyumbani?"

"Walimkalisha mlangoni, mbali na..."

"Sikuuliza alikaa wapi, mama. Nimeuliza kama alianguka."

Celine akarudisha mawazo nyuma. Alipoolewa alimkuta mzee hai, akampelekea chakula mwaka mzima. Alimkumbuka akinyoosha mikono kuelekea moto alioukosa, mvua ya Julai ikimpiga mgongoni. "Msichana," alimwambia siku moja, "sukuma mlango kidogo." Kumwona akianguka hakukumbuka. Wala hakuwahi kusikia mtu akisimulia kuanguka kwake, ila kule Burma.

Jumamosi wageni wakaja. Kiptanui alikataa kochi. Alivuta kiti cha mbao akakaa mlangoni kama mtu asiyekusudia kukawia. Celine akaeleza karatasi mstari kwa mstari.

"Hizo ni herufi za Wazungu," Kiptanui akasema. "Wewe mwenyewe unaziamini?"

Swali hilo hakulitarajia. Alimtazama mwanawe, akatazama jikoni ng'ambo ya ua, moshi ukifuka.

"Kimutai," akasema, "nenda ukatupikie chai."

Kijana akabaki akimkodolea macho. Kipngeno akakohoa. "Shemeji, mwanamume apike mbele ya wakwe?"

"Leo atapika. Na uketi karibu na moto, mwanangu, kuna baridi."

Akaenda. Wazee waliongea habari za bonasi ya chai na ng'ombe, lakini Celine alisikia kuni tu: zinavunjwa, zinapulizwa, zinalia. Kisha kukawa kimya. Kisha kopo la bati likaanguka sakafuni kwa kishindo.

Celine alisimama. Miguu yake ilikwisha kufika mlangoni, karibu na goti la Kiptanui, aliposhika mwimo na kujizuia.

"Mama!" sauti ikaita kutoka jikoni. "Majani ya chai huwa mnaweka wapi?"

Kiptanui akacheka mpaka akafuta macho. "Mchuma chai hajui majani ya chai yalipo! Binti yangu atapata taabu." Akainuka, akabeba kiti chake, akakisogeza ndani, mbali na upepo.

"Juu," Celine akajibu, mkono ukingali kwenye mwimo. "Nyuma ya chumvi."