Kuitwa Kabla Mlango Haujafungwa

Enzi zetu kule Bukundi hapakuwa na mlango unaojifunga wenyewe. Wa nyumba tuliuegemezea kinu, na kama upepo ukiusukuma, kuku waliingia na kutoka kama wenye kwao. Mlango tuliouogopa ulikuwa mmoja tu, wa zizi la ng'ombe: magogo mazito yaliyosukumwa kati ya nguzo, moja juu ya jingine, mpaka ng'ombe wote wakafungiwa ndani. Waliokulia Meatu na Itilima wanajua uzito wa gogo lile.

Jioni zile, Mungu wangu, zilikuwa tamu! Tumeshiba michembe ya viazi vitamu na karanga, miguu imepauka kwa vumbi, tumecheza kombolela, mchezo wa kujificha na kutafutana, nyuma ya uzio wa minyaa mpaka sauti zimekauka. Wadogo walifinyanga ng'ombe wa udongo wenye pembe kubwa kuliko za ng'ombe wa baba, wakabishana nani tajiri. Saa hatukuwa nayo. Tukiona vumbi la kundi likirudi kutoka malishoni, tulijua siku imekwisha.

Ng'ombe wakishaingia, baba alisimama pale mlangoni, mkono juu ya gogo, akaanza kutuita. Alianza na mimi, Limi, mtoto mkubwa, akaja kwa wadogo zangu pacha, Kulwa na Doto, akamalizia na Chui, mbwa wetu. Kila mtu alipaza sauti kusema alipo: "Nipo jikoni, baba!" Chui hakujibu, alikuja mwenyewe mbio akitikisa mkia, na baba alipenda kusema mbwa yule ana adabu kutuzidi. Mmoja akinyamaza, gogo halisogei, hata kama ng'ombe wanageuka kurudi kwenye pamba ya jirani. Watoto wa siku hizi ukiwaita wanakwambia, "Subiri namalizia," macho kwenye simu. Nani kati yetu angemwambia baba asubiri? Nacheka hata kuwaza.

Lakini pacha, kama mnavyowajua, kuitwa mmoja ni kuitwa wote. Kulwa alimjibia Doto shuleni, alimjibia kanisani, alimjibia hata alipoulizwa kama ameshiba. Tulizoea, tena tulicheka. Jioni moja wingu la mvua lilikuwa limetanda na ng'ombe wana wasiwasi. Baba aliita haraka haraka. Kulwa akajibu, "Nipo!" Doto alipoitwa, Kulwa huyo huyo akajibu tena kwa sauti nyembamba, "Nipo!" Hakuwa na ubaya wowote, ndiyo mazoea yao. Kumbe Doto alikuwa amelala chini ya nguzo ya zizi, amekumbatia ng'ombe wake wa udongo. Baba alisukuma gogo, likateleza kwa manyunyu ya mvua iliyoanza, likaangukia mguu wa mtoto.

Kilio kile bado nakisikia. Mama alitoka na mwiko mkononi, hakuuweka chini mpaka tulipofika hospitali kwa mkokoteni wa ng'ombe. Njia nzima baba alimpakata Doto. Mfupa uliunga, lakini uliunga vibaya, na mdogo wangu anachechemea mpaka leo.

Tangu siku hiyo baba hakukubali tena kujibiwa kwa mbali. Alisema, "Sauti haina miguu. Njoo nikuone." Akiita jina lako, unaacha ulichoshika, unakuja unasimama mbele ya jikoni anakokuona. Kulwa alikuja amemshika Doto mkono, na hakumjibia tena katika maisha yake. Iliniuma kumwona, maana alikuwa mtoto mdogo tu.

Sasa nakaa Bariadi mjini kwa mwanangu Masunga. Amejenga vizuri, hata gari lina chumba chake. Mlango wake unapanda na kushuka kwa rimoti. Masunga anaingiza gari, anabonyeza, anaondoka anaongea na simu, na mlango unashuka nyuma yake bila mtu. Siku moja nikamkuta mjukuu wangu Neema na mbwa wao Popi wanashindana kupita chini yake kabla haujagusa sakafu. Nilipiga yowe, Masunga akarudi.

"Mayu, usiogope," Masunga akaniambia, kama tunavyowaita mama zetu kwetu, ametulia kabisa. "Mlango huu una jicho. Likiona mtu, mlango unasimama wenyewe."

"Jicho lenyewe liko wapi?"

Akanionyesha ukutani, usawa wa kiuno changu. Sikubishana naye. Nilichukua boga nililoletewa kutoka Bukundi, nikaliweka pale mlango unapotua, nikamwambia abonyeze. Alicheka akabonyeza. Mlango ulishuka, haukusita hata kidogo. Boga lilipasuka na mbegu zikamrukia kwenye viatu. Akaliangalia boga, kisha akamwangalia Neema aliyekuwa amechuchumaa amemshika Popi, na wote wawili hawakuzidi sana kimo cha lile boga. Hakucheka tena.

Kesho yake fundi aliitwa, akateremsha jicho mpaka usawa wa kifundo cha mguu, na akarekebisha mlango ili ukigusa kitu urudi juu. Rimoti sasa inatundikwa kwenye msumari ambao Neema haufikii. Mara kwa mara tunaujaribu tena mlango kwa boga, na Neema anaomba upasuke ili tulipike.

Sisemi zamani palikuwa salama, mguu wa Doto upo unishuhudie. Leo kuna jicho la ukutani, nasi hatukuwa nalo. Ninachokikumbuka ni kuitwa. Nilimsimulia Masunga habari za babu yake, akanisikiliza, simu ameiweka mfukoni.

Siku hizi akirudi kazini anasimama pale, rimoti mkononi, anamwita Neema, anamwita Popi, nao wanakuja barazani awaone. Jana akaniita na mimi: "Mayu!" Nilikuwa jikoni napepeta mchele, naye anajua wazi kwamba mtu wa umri wangu hawezi kutambaa chini ya mlango. Nilitaka kumwambia aache mzaha. Lakini tangu baba afariki, hakuna mtu aliyetaka kujua nilipo kabla hajafunga mlango. Nikaweka ungo chini, nikatoka barazani anione.