Ua la Ng'ambo ya Ua

Huku Loncoche, mji wetu mdogo wa kusini, Agosti ya baridi ndio mwezi unaochagua wazee. Aliyeuvuka amepewa mwaka mwingine, na mtaani watu huulizana hivyo hivyo badala ya salamu: "Umeuvuka?" "Bado, nauburuta." Mvua inanyesha mpaka mtu anachukia sauti yake, alfajiri sakitu inatandaza weupe juu ya kabichi, halafu mchana jua linachungulia kidogo na sote tunakimbilia bustanini kabla halijabadili nia. Maharage mapana yanataka kuinuliwa udongo, vitunguu saumu vinataka palizi, mawaridi yanataka kupogolewa. Mama mkwe wangu, Bi Edelmira, alikuwa na kazi hizo zote, na juu ya hizo alijiongezea moja: kumchunga mumewe.

Mzee Erasmo alikuwa seremala wa reli enzi za reli. Alikuwa anakaribia miaka themanini, na kifua chake kilipiga filimbi kuliko treni alizozitengeneza. Hata hivyo kila asubuhi alilowesha kitana, akachana nywele zake chache mbele ya kioo cha jikoni, akachukua kibuyu chake cha chai ya yerba, akaenda kusimama penye ua wa mbao unaotutenga na Bi Zunilda.

Bi Zunilda ni mjane. Ana kuku, ana sauti, na ana kamelia. Mti ule umepita urefu wa paa, na katikati ya baridi, wakati bustani za wengine ni tope na vijiti, wenyewe unawaka maua mekundu. Mzee Erasmo alikuwa akiutazama mpaka chai inapoa.

"Mwanangu," Mama aliniambia siku moja, akimenya viazi kwenye dirisha la jikoni, "mwanamume anachana nywele kwenda kuangalia mti?"

"Labda ni upepo, Mama."

"Upepo gani huo, unavuma asubuhi tu, na upande wa Zunilda tu?"

Ganda alilokuwa akimenya lilikuwa nene hivi, lingemshibisha nguruwe. Mke wa mtoto akiishi nyumba ya nyuma hujifunza mapema wakati wa kunyamaza, ingawa mimi nilichelewa kidogo.

Wivu huo haukuwa wa jana. Ulikuwa umeota mizizi tangu mume wangu yuko shule ya msingi. Ni wivu wa mtu anayelima kuliko jirani yake na kusifiwa kidogo kuliko jirani yake. Mama anatoa karoti za kupigiwa mfano, giligilani yake inanukia mpaka barabarani, lakini wapita njia husimama kwa Zunilda. Tena kwetu kuna usemi: mche wa kuombwa hununa, mche wa kuibwa hushika. Hakuna mtu anayeomba kijiti cha ua, wala kushukuru kwa ua, maana litakufa. Unaiba kistaarabu. Wanawake wa mtaa huu wana visu vidogo kwenye mikoba hata wakienda kanisani, na mwenye bustani akikuona anageuka upande mwingine, ndiyo adabu. Nusu ya mtaa ina watoto wa mimea ya Zunilda. Mama peke yake hajawahi kumwibia hata jani.

"Nimwibie mimi? Aje anione nimetamani cha kwake?"

Yeye aliwahi kuwa na kamelia yake. Mzee Erasmo aliileta kutoka kwa mama yake mwaka waliooana, ikiwa mche wa kiganja, naye Mama akailea miaka mpaka ikamfika kifuani. Haikuwahi kuchanua. Sakitu moja kali ikaiua hadi mzizi, na Mama akaikata akaichoma kwenye jiko la kuni, asitake kuongea na mtu siku nzima. Miaka michache baadaye ya Zunilda ikaanza kuonekana juu ya ua. Basi hapo ndipo yalipoanzia.

Agosti ile mzee alishikwa na kifua vibaya. Tukamhamishia kitanda jikoni, karibu na jiko, dirisha likiwa mbele yake. Mama alimlisha mchuzi wa kuku kwa kijiko, akamkanda mgongo kwa mafuta, akamkaripia kwa kila kikohozi. Alikuwa anaogopa, na akiogopa huwa mkali. Zunilda akapaza sauti kutoka ng'ambo:

"Edelmira, mwambie mzee asivue skafu!"

"Skafu hiyo niliifuma mimi, najua inavyofungwa!"

Mchana mmoja mzee akafumbua macho. Tulidhani anataka maji.

"Kamelia imefunguka?" akauliza.

Mama akaweka kijiko chini. Alitoka nje nami nikamfuata mpaka kibandani, nikamkuta ameshika msumeno wa kupogolea.

"Umemsikia? Mtu anakufa, mke yuko hapa na kijiko, anauliza ya Zunilda." Akajaribu meno ya msumeno kwa kidole gumba. "Mimi siogopi kuwa mjane mwingine mtaani. Naogopa aondoke na Agosti hii bila kuniambia moyo wake ulikuwa upande gani wa ua. Nitaishi nalo vipi?"

"Muulize, Mama."

"Akisema kule?"

Akaficha msumeno chini ya aproni, akapita penye ubao uliolegea wa ua, nami nyuma yake nikiomba Mungu Zunilda awe sokoni. Alinuia kuukata mti ule kwenye shina, nasema wazi. Alipiga magoti kwenye tope akaweka meno ya msumeno kwenye gome. Halafu akainua macho. Maua yalikuwa juu yake yote, na mengine yameanguka chini mazima mazima, mekundu kwenye tope.

Mkono uliolea miche maisha yote haukwenda. Akavuta pumzi, akautupa msumeno, akakata kijiti kimoja kwa kisu cha mfukoni, akakitia kifuani. Ndipo tukamwona Zunilda mlangoni mwa banda la kuku, ameshika mayai. Alituona, akauona na msumeno. Akageuka taratibu, akatupa mgongo, akaanza kuwasimulia kuku wake habari za bei ya mahindi kwa sauti kubwa mpaka tulipoondoka.

Mama alikipanda kijiti kwenye kopo, mbele ya mzee, akakifunika kwa chupa ya jemu. Mzee akakitazama, kisha akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikarudi kicheko.

"Umeiba kwake?"

"Nimeiba. Sema sasa."

"Basi kimerudi nyumbani. Kile ni chako, Edelmira. Ni cha mama yangu. Zunilda alikata kijiti kwenye mti wako mwaka ule kabla ya sakitu. Nilimwona, nikageuka, kama inavyopasa. Wako ulipokufa, wake ukashika. Kila asubuhi naenda kuangalia kama bado uko hai. Ule ndio mti wa mwaka tuliooana."

Mama alisimama na udongo mikononi. "Miaka yote hii hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekwenda kuung'oa."

Nilimtazama Mama. Hakukana, maana tope la magotini lilikuwa bado bichi. Uso wake ulilegea, nikadhani yameisha, nikaanza kutafuta ufagio nitoke kistaarabu. Kumbe mtu mwenye wivu hasahau hesabu yake. Alinawa mikono, akajifuta, akarudi kukaa ukingoni mwa kitanda.

"Sawa, mti nimeuelewa," akasema. "Nywele je? Mti unachaniwa nywele?"

Mzee Erasmo akageukia lile dirisha ambako Mama humenyea viazi.

"Saa ile ndiyo saa pekee ulikuwa unanitazama," akasema. "Siku nzima uko na maharage yako. Nikisimama pale uani, ulikuwa hapo dirishani, huondoi macho. Sasa nitokeje sijachana?"

Jiko likalia. Zunilda ng'ambo alikuwa bado anaongea na kuku. Mama akachukua kitana kwenye rafu, akakilowesha kwenye birika la maji ya uvuguvugu, akamwinua mzee shingo kwa mkono mmoja.

"Kama ni mimi ulikuwa unanichania," akasema, "miaka yote hii ulikuwa unaacha kisogo, na toka dirishani ndicho nilichokuwa nakiona."