Siku Mama Alipoonja Frittata

Harufu ya kitunguu kikiingia kwenye mafuta ya moto hunirudisha Mikumi, kwenye kambi ya Waitaliano waliokuwa wakijenga barabara, nami msichana mdogo wa kuokota kuni. Mama yangu, Mwanahawa binti Salum, alikuwa msaidizi wa mpishi wao, jina lake Enzo. Kiangazi kile Enzo alikuwa anarudi kwao, na mama angeachiwa jiko iwapo tu angeweza kupika frittata, mayai mazito yenye mchicha na kitunguu ambayo mafundi hawakuweza kuanza kazi bila kuyala. Asipoweza, tunarudi kijijini kwetu Chanzuru kushika jembe.

Tatizo lilikuwa chumvi. Kwetu wakati ule mwanamke hakula mayai, na mwenye mimba ndiyo kabisa, maana mtoto angezaliwa kipara. Mama alikuwa na tumbo kubwa. Basi akawa anapika kwa macho na pua, haonji. Leo haina chumvi, kesho chumvi tupu. Jina la chakula hicho nalo lilimtisha, akidhani ni utaalamu fulani wa Kizungu usiofundishika. Asubuhi moja akamuuliza Enzo maana yake.

“Kwetu kukaanga ni friggere,” Enzo akasema. “Frittata ni kitu kilichokaangwa. Basi, mama.”

Mama alicheka mpaka akashika meza. “Jina lote hilo, kumbe kukaanga? Mimi nakaanga tangu sijaota meno.” Akachota kijiko cha mayai yaliyokuwa yakiiva kikaangoni. Mlangoni alikuwa amesimama mkwewe, bibi yangu Zaina, aliyekuja kututembelea.

“Mwanahawa, utatuletea kipara.”

“Shikamoo, mama. Tutamvisha kofia.”

Akaonja. Akaongeza chumvi, akaonja tena, kisha akanitia kijiko mdomoni na mimi. Mpaka leo ulimi wangu unaikumbuka ladha ile. Sahani zilirudi zimepanguswa kwa mkate, zinang'aa. Enzo akavua aproni yake akamfunga mama, na kwa tumbo lile kamba hazikukutana.

Siku hizi vitukuu wangu hapa Kilosa wanakula chipsi mayai kando ya barabara, wasichana kwa wavulana, hawamwogopi mtu. Sikukuu ya Idi nawapikia frittata, na wakiuliza maana ya jina nawaambia ni kukaanga tu. Mtoto wa tumbo lile ni mdogo wangu Shabani. Ni mzee sasa, mvi zimejaa kichwa kizima, na kinyozi wake wa sokoni kila mara humnung'unikia kuwa nywele zake zinaua mashine.