Kumbukumbu ya Konokono

Nafundisha biolojia hapa Lushebere. Konokono akikumbushwa jambo la zamani, nawaambia wanafunzi, kumbukumbu yake inalainika kwanza, kisha mwili unaihifadhi upya. Akisumbuliwa hapo katikati, inaweza kurudi imebadilika.

Tangu tulipokimbia vita kule Kashebere, kila anayeandika orodha ya msaada ananidai habari yote upya, kana kwamba mimi ni redio. Nimeeleza vilevile kila mara: tulipofunga mlango, koko, mama wa mama yetu, alikuwa amekwisha kufa. Macho yake yamefumba, nayaona mpaka leo.

Jana mdogo wangu, ambaye hajawahi kumweleza mtu, alinisikia nikieleza. Alingoja mwandishi wa orodha aondoke.

"Dada, koko alikuwa anatuita. Wewe njo ulifunga mulango."