Meza ya Sindano Siku ya Kura

Waliokaa Kiwalani zamani, kabla nyumba hazijabanana hivi, wakati mikorosho ilikuwa bado mingi kuliko mabati, wanamkumbuka Demetria kwa mwendo wake. Alitembea kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Kwao Bukoba. Unesi aliusomea misheni, akaletwa Dar es Salaam kwa barua ya kazi mwaka ule wa Azimio la Arusha, na tangu hapo hakurudi kwao ila kwa misiba. Watu walimwita sista, ingawa cheo hicho hakuwa nacho, naye aliacha kuwasahihisha mwaka wa kwanza tu.

Zahanati yake ilikuwa vyumba viwili vilivyojengwa na wananchi kwa kujitolea. Palikuwa na benchi moja nje, mizani ya kupimia watoto ikining'inia kwenye boriti, na friji la mafuta ya taa ambalo lilikubali kupoza siku lilipojisikia. Ndani ya vyumba hivyo Demetria alizalisha, alifunga vidonda, aligombana na waume waliokataza wake zao kuja, na siku nyingine alipatanisha ndoa bila kuombwa. Hakuwa na mtoto. Aliyeuliza sababu alipewa kazi ya kushika taa.

Kilichomnyima usingizi kilikuwa surua. Mwaka wa sabini na nne ilipita Kiwalani kama mtu anayegonga mlango kwa mlango, ikaacha makaburi madogo kumi na moja. Chanjo ilikuwapo mjini, lakini ilikuja kwa kasha la barafu, na barafu ile haikuvuka siku moja. Kliniki yenyewe ilikuwa Jumatano. Akina mama wa Kiwalani wengi walikuwa wametoka kusini, Newala na Masasi huko. Jumatano waliamkia kwenye mihogo, au kuokota korosho za watu, au kuuza kuni. Demetria alikuwa akipata watoto kumi na tano, ishirini ikiwa kuna bahati, na dawa iliyobaki inamwagwa.

Sasa mwaka wa sabini na tano ukaja uchaguzi. Demetria akafanya hesabu yake rahisi. Siku ya kura hakuna anayekwenda shamba. Balozi wa nyumba kumi, mzee Mfaume, hupita tangu alfajiri akibisha milango, na mama hawezi kumwacha mtoto peke yake nyumbani, atakuja naye mgongoni. Watu wote, shule moja, siku moja. Akaandika barua mjini, akaahidiwa dozi mia moja na ishirini. Alichohitaji ni meza moja pale kwenye baraza ya shule.

Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Kikao kilikaa shuleni, wiki moja kabla. Wagombea walikuwa wawili, mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba, na kila mmoja alikuwa na wakala wake. Mtu wa Nyumba alisimama kwanza. Akasema mabati ya zahanati yalitolewa na mgombea wa Jembe, kila mtu anajua, kwa hiyo mama akimwona nesi yule karibu na sanduku la kura atamkumbuka nani? Mtu wa Jembe naye akajibu kwamba nesi huyo huyo amepanga chumba kwa shemeji ya mgombea wa Nyumba, na sindano ya bure siku ya kura ni hongo kama pishi ya mchele. Wakavutana mpaka kivuli cha mlingoti wa bendera kikahama. Mzee mmoja nyuma aliuliza surua yenyewe inampigia nani kura. Watu wakacheka, mawakala hawakucheka.

Msimamizi wa kituo alikuwa Mwalimu Gaspar, mkuu wa shule, mtu mwema aliyependa haki inyooke kama mstari wa rula. Akaleta suluhu. Meza iwekwe, ila mtu apige kura kwanza, ndipo aende kwenye sindano. Na ushahidi wa kupiga kura ni kidole kilichochovywa wino. Asiye na wino asihudumiwe. Hivyo hakuna atakayesema watu wamevutwa kwa dawa kabla ya kura, wala hakuna atakayekuja kwa dawa akaikimbia kura. Mawakala wakatazamana, wakaona kila mmoja amemzuia mwenzake, wakaridhika.

Gaspar akamgeukia Demetria, akamwuliza kama ataweza hivyo. Demetria aliona wazi kwamba akikataa hakuna meza. Aliona pia, kwa mbali, kwamba anayepiga kura ni mama na anayechomwa ni mtoto, na kwamba mambo hayo mawili hayajuani. Lakini jioni ilikuwa imeingia, na dozi mia moja na ishirini ni nyingi. Akaitikia kwa kichwa.

Siku ya kura ilianza vizuri kupita alivyoomba. Mstari ulizunguka shule, kanga za kila rangi, watoto wakilia kwa zamu kama waliopangiwa. Mama anatoka chumba cha kura akipeperusha kidole kikauke, anakuja mezani, anakionyesha, mtoto anachomwa. Mawakala wawili walisimama nyuma ya Demetria tangu asubuhi, bega kwa bega, wakikagua vidole. Hawakuwa wamewahi kupatana hivyo.

Karibu na adhuhuri akaja Yustina. Huyu alikuwa mwanamke wa Newala, mwembamba, mumewe mchonga vinyago aliyekuwa akitafuta soko la vinyago vyake mjini. Walikuwa wamefika Kiwalani mwezi wa nane, uandikishaji umekwisha fungwa. Mgongoni alikuwa na Benedicta, mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mwenye macho ya kuchunguza kila kitu. Yustina aliamkia, akamfungua mtoto, akamweka mezani.

Demetria akauliza kidole. Yustina akaonyesha mikono yake mitupu, akaeleza kwamba kadi hana, walimwambia amechelewa kuandikishwa. Mtu wa Jembe akakohoa. Mtu wa Nyumba akakohoa pia.

"Njoo Jumatano, mama," Demetria alisema.

Alijua Jumatano hakutakuwa na kitu. Barafu ilikuwa imeanza kuwa maji tayari. Alisema Jumatano kwa sababu ni neno linaloisha haraka, na nyuma ya Yustina kulikuwa na mama mwingine na kidole chake kimenyooshwa. Yustina akamfunga mtoto tena, akaondoka. Benedicta alikuwa ameshika pamba, akaondoka nayo.

Saa kumi mstari ulikwisha. Ndani ya kasha zilibaki dozi thelathini na nne, na Demetria alikuwa amekaa akizitazama, ndipo Yustina akarudi. Safari hii alitembea kwa uhakika. Akamweka mtoto mezani, akanyoosha mkono, na kidole cha shahada kilikuwa cheusi toka ncha mpaka kwenye kiungo.

Watu wa kusini wanajua, na watoto wao wanajua kabla ya kujua kusoma, kwamba ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayounguza. Ukiyapaka kwenye ngozi yanaibabua, inageuka nyeusi, na huo weusi hautoki kwa sabuni. Mikorosho ilikuwa hapo hapo nyuma ya shule, na msimu ulikuwa wake. Yustina alikuwa amekaa chini ya mmoja wao, akavunja maganda, akakitia rangi kidole chake mwenyewe, akavumilia.

Demetria alikuwa amekwisha vuta dawa. Sindano ilikuwa mkononi. Akakishika kile kidole, kama alivyokuwa ameshika vingine tangu asubuhi, na mkono wake ukajua kabla ya akili. Kilikuwa cha moto. Ngozi pembeni ilikuwa imeanza kuvimba na kung'aa. Sasa, mtu aliyefunga vidonda miaka kumi akiona kidonda, mdomo wake haungoji ruhusa.

"Mama, umeungua," alisema, kwa huruma kabisa. "Huu si wino, ni korosho hii."

Aliyasikia maneno yake yakienda, na hakuwa na namna ya kuyarudisha.

Mawakala wakainama wote wawili. Mtu wa Nyumba akasema wino bandia, mtu wa Jembe akasema kura bandia, na kwa mara ya pili siku hiyo wakakubaliana. Mwalimu Gaspar akaitwa. Alikuja na daftari lake, akakitazama kidole, akamtazama mtoto, na wanaomjua wanasema uso wake ulionyesha mtu anayeomba asaidiwe.

"Nesi," alisema taratibu, "una hakika? Wino huu nao siku nyingine hubabua."

Huo ulikuwa mlango, wasomaji wangu, na ulikuwa umefunguliwa kabisa. Neno moja tu, hapana, sina hakika, na sindano ilikuwa pale imejaa. Demetria aliwaza mabati. Aliwaza chumba alichopanga. Aliwaza kwamba akisema uongo mbele ya watu hawa wawili, meza yake na watoto wote themanini na sita waliochomwa vitaitwa hongo, na hakuna atakayempa dozi tena.

"Nina hakika," alisema.

Gaspar akafunga daftari, akasema basi.

Yustina hakubisha. Aliuliza jambo moja tu, tena kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza bei: "Na hizo zilizobaki ni za nani?"

Demetria akaiweka sindano kwenye beseni. Kisha akachukua maji baridi, akakiosha kile kidole kwa muda mrefu, akakipaka mafuta, akakifunga bendeji safi, na akafunga fundo dogo zuri. Hilo hakuna wakala aliyelipinga. Kidole kikatibiwa. Mtoto hakuchomwa. Mzee Mfaume, kwa aibu, akamchukua Yustina ofisini akaandikwe jina kwa kosa la wino bandia, akamshikia mtoto huku anaandikwa.

Jua lilipozama Demetria alimwaga dozi thelathini na nne kwenye shimo la choo cha shule, kama utaratibu unavyotaka, moja moja, akiandika idadi.

Surua ilirudi mwezi wa kumi na moja, mwishoni. Haikuwa kali kama ya mwaka uliopita, na wakubwa wa mjini waliandika kwamba zoezi la Kiwalani lilifanikiwa. Ilichukua watoto watatu. Wawili walikuwa wa familia zilizohamia baada ya kura. Wa tatu alikuwa Benedicta. Demetria alikwenda kwa Yustina kila siku kwa siku tisa, asubuhi na jioni, na maji ya chumvi na sukari, na dawa ya macho, na vitambaa vya kupozea homa. Siku ya kumi alikuta mkeka umetandikwa uani na mumewe Yustina amekaa chini, patasi yake iko kando.

Msibani walimpisha akakaa. Yustina mwenyewe alimletea chai. Kidole kilikuwa kimepona, ngozi mpya imekuwa nyeupe kidogo kuliko mkono wote, kama imevaa kofia.

Mwezi wa pili ikaja kamati. Mgombea aliyeshindwa alikuwa amelalamika kwamba meza ya sindano ilimharibia kura, ingawa aliyeshinda naye alikuwa akinung'unika kwamba ilimpunguzia. Wanakamati walikaa kwenye benchi la zahanati wakamtaka Demetria aandike maelezo. Aliandika kurasa tatu. Aliandika dozi zilizokuja, zilizochomwa, zilizomwagwa, na jina la mtoto. Mwenyekiti wa kamati, mtu wa heshima aliyekuwa na miwani mizuri, akasoma, akarudisha ukurasa wa tatu, akasema huo hauhusiani. Wao walitaka kujua kama alimwambia mtu yeyote achague alama gani. Demetria akasema hapana. Wakamshukuru.

Waraka ulitoka mwaka uliofuata. Ulisema huduma za afya zisitolewe tena karibu na vituo vya kura, na katika kutoa sababu ulitaja tukio la Kiwalani, ambapo "mwanamke mmoja alighushi wino ili apate manufaa." Wauguzi waliagizwa wausome kwa wananchi siku ya kliniki na kutia sahihi kwamba wameusoma.

Demetria akausoma Jumatano, amesimama mlangoni, akina mama kumi na saba kwenye benchi na chini ya boriti. Wengi hawakusikiliza, ulikuwa waraka kama nyaraka nyingine. Alipofika kwenye lile neno la manufaa, akalimeza, akaendelea mpaka mwisho. Akatia sahihi.

Kisha akaita wa kwanza. Akaja wa pili, na wa tatu. Wa nne alikuwa Yustina, na mtoto mchanga kifuani, wa kiume, wiki sita, aliyeletwa kwa chanjo ya kifua kikuu.

Demetria akamwamkia, akauliza habari za nyumbani, akavuta kadi mpya na kalamu. Yustina hakumpa mtoto bado. Alimlaza magotini, akaweka mikono yake miwili juu ya meza, vidole vyote kumi vimetandazwa, na kile chenye kofia nyeupe katikati yao.

"Leo nitoe kipi, sista?"

Demetria alivitazama vidole vile mpaka mtoto akaanza kulia. Ndipo akaiweka kalamu chini, akanyoosha mikono yake, akampokea mtoto, na akamchoma bila kuuliza jina.