Hoja ya Kumrudisha Evelio

Eneida Zamora aliponyoosha mkono, mwenyekiti wa mtaa alidhani anataka kulalamikia maji. Hakuwa na sababu ya kudhani vingine. Katika miaka sabini ya uhai wake, Eneida hakuwahi kusema kitu mbele ya mkutano wa mtaa isipokuwa habari za maji, tena kwa sauti ya mtu anayeomba samahani kwa kuwa na kiu.

Ilikuwa Machi mwaka 2022, jua linazama, na watu wa mtaa walikuwa wametoa viti majumbani mwao wakavipanga katikati ya barabara. Kanuni mpya ya Familia ilikuwa imeletwa kwa wananchi waijadili kabla ya kuipigia kura Septemba. Ilikuwa na vifungu mia nne na kitu, lakini mji mzima wa Santa Rufina ulijua kimoja tu, kile cha kuruhusu mwanamume amuoe mwanamume mwenzake na mwanamke mwanamke mwenzake. Hivyo vingine vingeweza kuwa vyote vinahusu ufugaji wa bata, wala hakuna ambaye angegundua.

"Sema, Eneida," mwenyekiti akasema. "Bomba limekatika tena?"

"Bomba liache. Nataka kusema juu ya hicho kifungu."

Watu wakageuka kumtazama. Wote walijua Eneida ni katibu wa kanisa la Kibaptisti pale kona, na kwamba nusu ya waumini wenzake walikuwa wamebandika milangoni ile karatasi ya mchoro wa baba, mama na watoto wawili, kupinga Kanuni.

"Haya!" akadakia Zoraida, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. "Leo tunahubiriwa Sodoma bila kiingilio."

Wakacheka. Eneida akasubiri wamalize.

"Januari kaka... kaka yangu mdogo, Evelio, alipasuliwa. Mnamjua."

"Mwokaji mikate! Nani asiyemjua?" wakaitikia.

"Anaishi na Lino kinyozi mwaka wa thelathini na sita huu. Hospitali walitaka mtu wa familia aweke saini. Lino akaambiwa, wewe si mtu wake, kasubiri nje. Nikaitwa mimi. Mimi ambaye sijakanyaga nyumba ya Evelio tangu mwaka themanini na tatu! Nikasaini. Daktari akaniuliza anatumia dawa gani. Sijui. Ikabidi nitoke hadi getini nikamuulize Lino, yupo pale tangu jana yake kashika hotipoti ya supu ya magimbi. Akanitajia dawa zote, na saa zake, na ile inayomwasha ngozi. Kisha nikarudi ndani mimi, mtu wa familia." Akamgeukia mwenyekiti. "Andikeni hayo. Andikeni na jina langu. Na muandike kwamba mimi ni Mkristo."

Zoraida mwenyewe, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, alisema "Mama wee" kwa sauti ya chini na kumsogezea Eneida kiti.

Waliokuwa wageni pale mtaani hawakujua uzito wa maneno yale, kwa kuwa hawakujua yaliyotokea mwaka themanini na tatu. Kanisa lile dogo lilikuwa na desturi yake. Mtu akitakiwa kutengwa na ushirika, hoja haitolewi na mtu baki. Hutolewa na ndugu yake wa damu aliyemo kanisani. Wenyewe waliiita huruma, eti aibu ya mtu isemwe na sauti inayompenda. Na hoja hiyo haifutwi na mwingine yeyote ila aliyeitoa, mbele ya washirika wote, na lazima apatikane mtu wa kumuunga mkono. Mchungaji huuliza mara tatu. Asipopatikana, hoja imekufa, na hailetwi tena.

Mwaka ule Evelio alikuwa mwalimu, kijana wa miaka ishirini na saba. Kwanza alifukuzwa shule, akiambiwa hafai kuwalea watoto wa mapinduzi. Wiki tatu baadaye kanisa nalo likaona hafai kukaa na watoto wa Mungu. Pande mbili zile, serikali na kanisa, zilikuwa hazisalimiani hata barabarani, lakini juu ya Evelio zilielewana vizuri kabisa. Eneida alisimama, akatoa hoja. Shemasi Heriberto akaiunga mkono. Kisha Eneida, kwa kuwa ndiye katibu, akaketi kuyaandika yote kwa mwandiko wake mzuri wa karani wa posta: *ametengwa kwa dhambi isiyofaa kutajwa*.

Evelio alikuwa amekaa benchi la tatu. Alipita mbele ya meza ya dada yake akiwa anatoka.

"Andika vizuri, Neida," alimwambia. "Usikosee tarehe."

Yakawa ndiyo maneno ya mwisho kati yao kwa miaka thelathini na tisa, katika mji ambao ukipiga chafya upande huu, upande wa pili wanakuombea afya. Walipishana kwenye foleni za mgao. Walipishana kwenye mazishi ya mama yao, kila mmoja upande wake wa kaburi. Eneida alijiambia kwamba anatii neno la Mungu, na wala sisemi alikuwa mnafiki. Aliamini. Hilo ndilo linalotisha.

Asubuhi iliyofuata mkutano wa mtaa, Heriberto alimjia nyumbani. Alikuwa na miaka themanini na nne, anatembelea fimbo, na bado ndiye shemasi aliyeandaa Meza ya Bwana kila Jumapili ya kwanza ya mwezi.

"Dada Eneida, umetuvua nguo barabarani."

"Nimejivua mimi, Shemasi. Ninyi mlikuwa mmevaa?"

"Usinifanyie mzaha. Maandiko yako wazi."

"Nimeyasoma maandiko hayo kabla hujapoteza meno yako ya mbele. Na nimesoma pia kwamba tusimshuhudie jirani uongo. Niliandika dhambi isiyofaa kutajwa. Nilipomwona Lino pale getini nikatafuta hiyo dhambi, niitaje. Sikuiona. Niliona supu." Akamimina kahawa, akamsogezea kikombe. "Nitaifuta ile hoja."

Mzee alikisogeza kikombe kando.

"Hutapata wa kukuunga mkono," akasema, akainuka.

Alikuwa karibu na ukweli. Mchungaji Noemí alikuwa radhi kwa moyo wote, ila ndiye mwenye kiti, na mwenye kiti haungi mkono. Basi Eneida akaanza kuzunguka. Kuanzia Aprili hadi Agosti, na goti lake bovu, mlango kwa mlango, akiwa amejifunga kitambaa kichwani kwa ajili ya jua. Mmoja alimwambia, "Mpenzi wangu, mimi sina neno na Evelio, ila mume wangu ataniua." Mwingine alimwambia asubiri nchi ipige kura kwanza, kama vile Roho Mtakatifu naye anasubiri matokeo. Wapo waliomfungia mlango. Wawili walimwahidi kumuunga mkono, wakamshika mikono, wakalia naye.

Kwa Evelio hakwenda. Alipita mtaa ule mara tatu, mara tatu akageuka kwenye kona. Alitaka aende na kitu mkononi.

Jumapili ya tarehe kumi na nane Septemba, wiki moja kabla ya kura ya nchi, washirika walibaki baada ya ibada. Kanisa lilijaa hadi mlangoni, hata wale wa kuja Pasaka na Krismasi walikuja. Eneida alisimama mbele na daftari kuukuu lililokuwa limeliwa pembe na mende, akasoma kumbukumbu za mwaka themanini na tatu, zote, pamoja na jina lake mwenyewe. Alipofika kwenye tarehe, aliisoma mara mbili.

"Mimi ndiye niliyetoa hoja hii," akasema. "Naifuta. Naomba ndugu yetu Evelio Zamora arudishwe kwenye ushirika, bila kuhojiwa, kwa sababu asiye na kosa la kujibu hahojiwi."

"Yupo anayeunga mkono?" akauliza Mchungaji Noemí.

Eneida aliwatazama wale wawili. Mmoja alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba. Mwingine hakuwepo.

"Yupo anayeunga mkono? Nauliza mara ya pili."

Feni ilikuwa inazunguka juu, inalia. Eneida akalikumbatia daftari. Katika kuzunguka kwake kote alikuwa amejiandaa kwa matusi. Hakuwa amejiandaa kwa watu wanaotazama vidole vyao vya miguu.

Ndipo fimbo ikagonga sakafu. Heriberto alikuwa anasimama, polepole, akishika benchi la mbele.

"Shemasi," akasema mchungaji, "kama ni kupinga, muda wa—"

"Mimi siipendi hiyo Kanuni yao," akasema mzee. "Jumapili ijayo nitapiga hapana, na karatasi yangu mlangoni haitoki. Hilo mlijue." Akavuta pumzi. "Sasa sikilizeni. Mkate wa Meza ya Bwana, tangu mwaka themanini na tatu, nimeutoa wapi?"

Hakuna aliyewahi kujiuliza.

"Nimeuchukua mlango wa nyuma wa tanuri la mikate la mji, kila Jumamosi ya kuamkia Meza. Mwezi wa kwanza baada ya kumtenga nilikuta Evelio ndiye kaajiriwa pale. Nikataka kugeuka. Akaniambia, 'Shemasi, wa kwenu huu, nimeukanda peke yake.' Nikauchukua, maana mkate mwingine haukuwepo. Miaka ile ya njaa, unga ulipokosekana mji mzima, ninyi mlikula Meza ya Bwana. Hamkukosa hata mwezi mmoja. Alikuwa anaweka unga wa mgao wake, yeye na yule kinyozi, wao wakalala na maji ya sukari. Nilijua. Nikaubeba mkate, nikaufunika kitambaa cheupe, nikawaletea, na sikuwaambia jina la aliyeuoka." Akawatazama benchi kwa benchi. "Kama ni najisi, basi sote tumekwisha. Naunga mkono hoja."

Eneida ameshuhudia vimbunga vitano. Ameona paa la kiwanda cha sukari likiondoka zima zima kuelekea baharini. Lakini aliniambia hajawahi kuwa ndani ya kitu kikubwa kama ukimya ule, na namwamini, maana hata mimi nikisimulia nywele zinanisimama. Mama mmoja wa benchi la nyuma alikuwa ameweka vidole midomoni, anaigusa, kama mtu aliyeamka ghafla akakumbuka alichokula. Mzee mmoja alivua miwani akaishika tu. Watu wazima, waliolishwa na mtu waliyemfukuza, mwezi baada ya mwezi, na wakatoka pale wakiimba.

Mchungaji hakuuliza mara ya tatu. Aliita kura ya kusimama. Wanne walitoka nje kwa hasira, kumi na tisa walibaki wamekaa, na waliosalia, ndio wengi, wakasimama, wengine bila hata kujua wamesimama saa ngapi. Yule mwenye mkoba alisimama pia, amejifunika uso.

Eneida hakusubiri wimbo wa kufunga. Alikwenda moja kwa moja, na kwenye kona hakugeuka. Lino alifungua mlango akiwa na kitana sikioni.

"Evelio!" akaita ndani. "Njoo, nyumba inataka kuanguka. Dada yako yuko hapa."

Evelio alitoka jikoni, mwembamba tangu apasuliwe, mikono yake mikubwa imejaa unga. Eneida alikuwa amepanga kuanza na habari ya kura. Haikutoka.

"Nilipaswa kuanzia hapa," akasema. "Kabla ya mtaa, kabla ya kanisa. Nisamehe, Evelio. Nilikutenda vibaya, na tarehe niliiandika sawasawa."

Evelio alivuta kiti kwa mguu. "Kaa, Neida. Goti lako hilo litakuaibisha."

Akakaa. Lino akaweka kahawa motoni, akipiga kelele na sufuria bila sababu yoyote, maana alikuwa analia. Eneida akawaeleza yote, na alipofika kwa Heriberto, Evelio aliinamisha kichwa.

"Kasema habari ya mkate? Mdomo wake yule mzee."

"Miaka yote hiyo," Eneida akasema. "Na mimi nilikuwa naula. Mbona hukuniambia, hata mimi tu?"

Evelio alimtazama dada yake bila hasira yoyote.

"Ningekwambia," akasema, "mngeacha kuula."